Karibu Iliyomponza Madam Fomu

Mugure aliandika sifuri. Aliandika kwa kidole chake mwenyewe, na angeapa mbele ya padri kwamba aliandika sifuri. Lakini Jumatatu asubuhi fomu ilirudi imekataliwa, na sababu ilikuwa moja: paspoti ni moja, wasafiri ni wawili.

“Wawili na nani?” aliiuliza kompyuta, kana kwamba ingemjibu.

Na usidhani Mugure alikuwa mtu wa kubahatisha. Saiba yake, orofa ya kwanza juu ya duka la vitabu pale Nakuru, kompyuta saba na feni moja mbovu, ndiyo watu wa mtaa wa Section 58 walikimbilia mwaka huo wa 2008 wakitaka kujaza fomu za kuingia ng’ambo kwa mtandao. Aliwagombeza wote bila ubaguzi. Weka jina la paspoti, si lile shosho, nyanya yako, anakuita. Angalia tarehe wanataka ianze na siku ama mwezi. Soma tena kabla hujatuma! Walimwita Madam Fomu, naye alilipenda jina hilo, asikudanganye. Sasa Madam Fomu alikuwa ameangushwa na fomu yake mwenyewe.

Na si fomu ya kwenda kutembea. Wariara, mdogo wake wa pekee, alikuwa amelazwa hospitali huko ng’ambo, figo zote mbili zimekufa. Walipimwa, figo ya Mugure ikakubali. Upasuaji ulipangwa wiki iliyofuata. Fomu iliruhusu majaribio matatu tu, na la tatu likikataliwa unangoja mwaka mzima. Wariara hakuwa na mwaka. Daktari alisema ana wiki chache, tena bila kuzungukazunguka.

Jumanne, saa nane mchana, Mugure alijaribu tena. Alimweka kando yake Jepkorir, mwenzake wa kazi, mama wa watoto wawili mwenye macho ya kuona kosa kutoka mlangoni. Waliangalia kila mstari pamoja. Watu unaoandamana nao: sifuri. Jepkorir aliigusa ile sifuri kwa ukucha.

Mugure aliweka kidole juu ya kitufe cha kutuma. Mlangoni mtu akasema, “Hodi.”

“Karibu,” Mugure alijibu bila kuinua kichwa. Ungefanya nini? Sisi tumelelewa hivyo, mtu akibisha anajibiwa, hata ukiwa na mikono kwenye unga.

Hakuna aliyeingia. Pazia la mlango lilisogea kidogo, halafu ikaja harufu ya vumbi la moto na nywele zilizoungua. Kiti cha kompyuta nambari sita kilibonyea, taratibu, mpaka spring zake zikalia.

“Mugure,” Jepkorir alinong’ona. “Ni nani ameketi pale?”

Mugure alishtuka, kidole kikabonyeza. Fomu ikaenda. Na katika ule muda mfupi kabla haijaondoka kwenye kioo, wote wawili waliona pale penye sifuri pameandikwa moja.

Jibu lilirudi Jumatano. Lilikuwa lilelile.

Mama Sudha, mwenye jengo na mwenye duka la vitabu chini, alisikia kilio cha Mugure akapanda ngazi na magoti yake mabovu. Hakuuliza mengi. Alitunga ndimu moja na pilipili saba kwa uzi, akaning’iniza juu ya mlango kuzuia jicho baya, kama alivyofanya dukani kwake kila Jumamosi tangu aolewe. Alhamisi asubuhi waliikuta ile ndimu imekuwa makaa, na pilipili zimebaki majivu yaliyoshikana.

“Hiki kimeshuka kutoka Menengai,” Mama Sudha alisema kwa sauti ya chini, akitazama dirisha la upande wa krateri ya mlima ule wa volkano. “Marehemu mzee wangu aliwahi kunusa harufu hii huko juu. Mtoto, ulikiambia karibu?”

“Mama, mtu akipiga hodi nimnyamazie? Hata siku ya ile fomu ya kwanza hodi ilipigwa, nikaitikia, nikaona hakuna mtu.”

“Basi ni mgeni wako. Mimi siwezi kumtoa mgeni wa mwenyewe. Wewe ulimkaribisha, wewe mfukuze.”

“Na nikishindwa?”

Mama Sudha alimsogelea. Alimshika kichwa, akateremka polepole.

Mchana ule Mugure aliwafungia wateja nje, akamwambia Jepkorir asimame naye asiseme neno. Alipofungua fomu kwa mara ya mwisho, kompyuta nambari sita ilijiwasha. Vitufe vyake vilianza kushuka na kupanda vyenyewe. Maneno yakajipanga kwenye kioo.

NIANDIKE.

“Wewe ni nani?” Sauti ya Mugure ilitetemeka, na hilo lilimuudhi.

NILIKUWA MENENGAI KABLA YA BABU ZENU. JANUARI MLILETA MOSHI MWINGI KULIKO WANGU. NATAKA KUHAMA. SIWEZI KUPITA MTU ASIPONITAJA.

Hapo hasira ilimpanda Mugure, hasira ya miezi mitano. Yeye pia alikuwa amelala sakafuni Januari ile ya ghasia za uchaguzi akisikiliza watu wakikimbia.

“Huo moshi hata mimi uliniingia machoni!” alisema. “Lakini nilibaki nikafungua kazi. Unataka kuhamia wapi? Kitandani kwa dadangu? Mimi nabeba figo, sibebi wewe.”

Akaanza kujaza. Jina, nambari ya paspoti, tarehe, hospitali, watu unaoandamana nao sifuri, na macho yake akayaacha pale kwenye sifuri hata yalipoanza kuwasha na kutoa machozi, kwa sababu sasa joto lilikuwa limejaa chumba chote, na kiti cha nambari sita kilikuwa kinasogea sakafuni kidogokidogo kuja nyuma yake, na mlangoni hodi zilikuwa zimeanza, kwanza hodi ya Mama Sudha akihema kwa ajili ya ngazi, kisha hodi ya mtoto wa Jepkorir akilia kwamba ameumia, mpaka Jepkorir akajiziba mdomo kwa mikono miwili na machozi yakampita katikati ya vidole, kisha hodi ya Wariara, dhaifu, kutoka kitandani, na mwisho, karibu kabisa na sikio lake, sauti aliyoizika miaka minne nyuma kule Longonot.

“Hodi, Mugure. Ni mama. Huniambii karibu?”

Neno lilimfika kwenye meno. Alilitaka, Mungu anajua alivyolitaka. Angetoa hata figo ya pili kuisikia sauti ile ikiongea mara moja zaidi.

“Mama yangu,” alisema polepole, macho kwenye sifuri, “hakuwahi kupiga hodi kwangu hata siku moja. Alikuwa anaingia tu na kuuliza mbona sufuria ni chafu. Toka! Sikukaribishi. Hata ukija na sura yake, sikukaribishi!”

Akabonyeza.

Kiti kilianguka nyuma yake kwa kishindo. Kompyuta nambari sita ilizimika, ikatoa moshi mdogo. Kwenye kioo cha kompyuta ya Mugure maandishi yalisema fomu imepokelewa, msafiri mmoja. Jepkorir aliketi sakafuni akacheka na kulia pamoja.

Ruhusa ilikuja, na upasuaji ulikwenda salama. Siku ya tisa Mugure, mshono ukimvuta ubavuni na Wariara akikoroma kitanda cha pili, alipiga simu saiba.

“Kazi iko sawa,” Jepkorir alisema. “Nina watu wanne wa fomu. Subiri kidogo, kuna mtu mlangoni.” Hatua zake zikasikika zikienda mlangoni. Aliporudi alikuwa ananong’ona. “Mugure, uko wapi?”

“Hospitali. Kwani?”

“Ni wewe unapiga hodi.”

Mugure aliikaza simu sikioni. Alijiinua kwa kiwiko, akauma meno kwa maumivu.

“Umeijibu?”

“Bado.”

“Basi nifukuze.”

“Mugure, ni sauti yako kabisa…”

“Nifukuze! Kwa jina, kwa nguvu, mtaa wote usikie!”

Jepkorir alivuta pumzi. “Mugure, toka hapa!” alipaaza sauti, na muuguzi wa ng’ambo aligeuka kwa jinsi ilivyopasuka kwenye simu. “Hukaribishwi! Toka!”

Mlango ulibamizwa. Kisha feni mbovu ikasikika ikiendelea kuzunguka.

“Imeenda,” Jepkorir alisema.

“Itarudi,” Mugure alijibu. “Ikirudi, nifukuze tena. Haya, anayefuata ni nani? Mwambie asome tena kabla ya kutuma.”