Simu Mpya ya Mzee Mwaisumo

"Fungua dirisha, tafadhali. Baridi imepungua," ilisema sauti nzito ya kiume, iliyonyooka kama ya msomaji wa habari.

Sauti hiyo haikutoka kinywani mwa Mzee Ambakisye Mwaisumo. Ilitoka kwenye kifaa chembamba, kikubwa kama kiganja cha mtoto, kilichoning'inia kifuani pake kwa mkanda. Kinywa cha mzee kilikuwa kimetoa mlolongo wa sauti zilizopondeka, irabu nyingi na konsonanti chache, ambazo mgeni asingeambulia hata neno moja. Kifaa kilizipokea, kikatazama mwendo wa midomo yake kwa jicho lake dogo la kioo, na kabla hujahesabu mbili kilikuwa kimezigeuza Kiswahili safi. Watu wa Mbeya ya miaka hiyo walikiita simufasiri. Kilipiga simu na kupokea kama simu nyingine yoyote, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuwasemea wale ambao ndimi zao zilikuwa zimelegezwa na kiharusi.

Tusajigwe, binti yake, alifungua dirisha kisha akarudi kunywa chai yake akiwa amesimama.

"Ahsante," simufasiri ilisema. "Dawa ya saa mbili bado."

"Nakuletea, Baba."

Hivyo ndivyo walivyozungumza kwa miaka tisa. Dirisha, dawa, maji, blanketi. Kabla ya kiharusi, Mzee Mwaisumo alikuwa dereva wa treni ya sumaku iendayo Tunduma, na abiria walimjua kwa maneno mengi. Alikuwa akiwatania kwenye vipaza sauti mpaka wanashuka wanacheka. Baada ya kiharusi akawa mtu wa kuagiza tu. Tusajigwe hakumlaumu. Alijua ugonjwa humbadilisha mtu. Ila kila alipotoka asubuhi kwenda kupanda nguzo za magari ya waya, yale yapitayo angani juu ya jiji, ambayo yeye alikuwa fundi wake, alihisi kitu kikimchoma. Miaka tisa, na baba yake hakuwahi hata siku moja kumuuliza hali yake.

Asubuhi hiyo, mzee alipomaliza kumeza vidonge, simufasiri ilibadilisha sauti na kuzungumza kwa niaba ya kampuni yake. "Mteja mpendwa, mtandao wa Mawimbi Mapana utafunga huduma zake mkoani Mbeya tarehe thelathini ya mwezi huu. Unaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yako ileile. Kifaa hiki hakitafanya kazi kwenye mtandao mwingine."

Mzee Mwaisumo aliinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akakifunika kifaa kama mtu anayezuia kifungo cha shati kisidondoke.

"Usijali, Baba," Tusajigwe alisema. "Jumamosi tutakwenda kukuchagulia kingine."

Jumamosi walikwenda kwenye duka la mtandao wa Umande, ghorofa ya nne, karibu na kituo kikuu cha magari ya waya. Mlangoni, roboti mwenye mikono minne aliwakaribisha na kumsogezea mzee kiti chenye magurudumu. Muuzaji hasa alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Bi Mpangala, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ametengeneza simu kabla ya kuanza kuziuza.

"Shikamoo, Mzee," alisema, akainama kidogo.

Mzee aliitikia kwa sauti zake, na simufasiri ikasema, "Marahaba."

"Namba inahama leo leo," Bi Mpangala alimweleza Tusajigwe. "Hiyo ni kazi ya dakika tano. Shida ni kifaa. Ufasiri kiliojifunza kifaa cha zamani ni mali ya kampuni yake, hauhamishiki. Kipya kitaanza sifuri. Ngoja tujaribu kimoja kimoja."

Cha kwanza kilikuwa cha bei ya juu kuliko vyote, kimeng'aa kama sahani. Mzee Mwaisumo alikisogelea akasema neno refu kidogo. Kifaa kilijibu papo hapo, kwa kujiamini kabisa: "Nataka kununua ng'ombe wawili."

Mzee alicheka mpaka mabega yakatikisika. Bi Mpangala naye alicheka, akakirudisha kabatini. "Hiki kina haraka. Kinakisia."

Cha pili hakikuwa na spika wala jicho. Kilikuwa ukanda wa kufungwa kwenye paji la uso. Bi Mpangala alieleza kwamba ukanda huo husoma mishindo midogo ya umeme ya ubongo na kuyatoa mawazo yakiwa maneno kamili, hata mtu asipofungua mdomo. Mzee aliutazama kwa muda, kisha akausukuma kwa kidole.

"Sitaki," simufasiri yake ilisema. "Mawazo mengine ni yangu mwenyewe."

"Hata mimi ningekataa, Mzee," Bi Mpangala alisema.

Cha tatu kilikuwa cha kawaida kwa sura, kizito kidogo, na rangi ya udongo. Kiliitwa simu-mwanafunzi. Hakikukisia chochote. Kila siku, kwa muda wa saa moja hivi, mtu anayemwelewa mzee ingebidi aketi naye, asikilize anachosema, kisha akiambie kifaa maana yake. Baada ya miezi mitatu kingekuwa kimemjua.

"Miezi mitatu!" Tusajigwe alisema. "Na kabla ya hapo?"

"Kuna njia ya mkato. Sheria ya kuhama mtandao inasema ufasiri ni wa kampuni, lakini maneno ni ya aliyeyasema. Naweza kutoa kumbukumbu zote za usemi wake kwenye simu ya zamani. Nikikilisha hiki, wiki mbili zinatosha."

Bila kuivua kifuani pa mzee, aliiunganisha simufasiri na meza yake ya kioo, na mistari ya maandishi ikajaa juu ya meza ikiwa katika safu mbili. Ya kushoto iliandikwa *Kilichosikika*. Ya kulia, *Kilichotamkwa*. Bi Mpangala alishusha miwani. Safu ya kushoto ilikuwa imejaa kutoka juu mpaka chini. Ya kulia ilikuwa tupu karibu yote, na maneno yaliyokuwamo yalikaa mbalimbali.

"Kumbe ilikuwa kwenye Hali ya Ufupi," alisema taratibu.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kifaa huacha maneno yanayojirudia. Kinatamka maombi na majibu tu, yale yanayohitajika kwa kazi; maswali na mazungumzo hayatamkwi. Wauguzi huiwasha hospitalini wakizidiwa na wagonjwa. Lakini hii imewashwa..." Aligusa pembe ya meza. Ikatokea tarehe ya Juni, miaka tisa nyuma, na chini yake jina la aliyeiwasha: Tusajigwe Mwaisumo.

Tusajigwe alitaka kusema kwamba ni makosa. Kisha akakumbuka. Mama yake alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Yeye alikuwa akitoka zamu moja kwa moja kwenda wodini, na simufasiri ilikuwa ngeni, ikimsemea baba yake bila kupumzika, mpaka kichwa chake kikawa kinagonga. Ilikuwa imemuuliza: *Mzungumzaji anarudia maneno. Nifupishe?* Aligusa ndiyo. Alidhani ni kwa siku ile tu.

Aliinamia meza akasoma safu ya kushoto.

*Umekula, mwanangu?*
*Umelala?*
*Fungua dirisha.*
*Jana mvua ilikukuta juu ya nguzo?*
*Umekula?*
*Viatu vyako vinavuja, nunua vingine.*
*Umekula?*

Mkabala na maneno hayo, upande wa kulia, palikuwa na mstari mmoja tu: *Fungua dirisha, tafadhali.*

Alisogeza maandishi mbele mwaka mzima. Yalikuwa hayohayo. Akasogeza tena. Katika mwaka wa nne kulikuwa na asubuhi moja ambayo mzee alikuwa amemuuliza swali lilelile mara sita mfululizo, kisha akaomba maji.

Mzee Mwaisumo naye alikuwa anasoma. Alitazama safu ya kulia, akaipitishia kidole chake, akatazama tena. Midomo yake ilicheza. Alisema kitu kirefu. Simufasiri kifuani pake ilinyamaza kimya. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, na jicho dogo la kioo likamtazama tu bila kutoa sauti.

Tusajigwe alielewa kilichokuwa kinatokea mbele ya macho yake. Alimvua baba yake mkanda ule shingoni, akakizima kifaa, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Sema tena, Baba."

Mzee alisema. Tusajigwe hakupata kitu.

"Tena. Polepole. Nakusikiliza."

Mara ya pili alipata neno *hutaki*. Mara ya tatu aliangalia midomo kama alivyokuwa akiangalia nyaya zenye hitilafu, sehemu moja baada ya nyingine, mpaka sentensi yote ikamjia: *Nilidhani unanielewa hata kifaa kikinyamaza, ila hutaki kunijibu.*

"Sikuwa nasikia," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Wallahi sikuwa nasikia, Baba. Niliifunga sauti yako mimi mwenyewe, nikasahau. Mimi nikadhani wewe ndiye hunijali."

Uso wa mzee, uliolegea upande mmoja, ulikuwa mgumu kusomeka. Kisha mkono wa kushoto ukainuka na kutua juu ya kichwa cha binti yake, ukakaa pale, mzito na wenye joto.

"U-e-u-la?" aliuliza.

Hilo halikuhitaji kurudiwa.

"Sijala," Tusajigwe alijibu. "Tangu jana mchana sijatia kitu tumboni."

Mzee alisonya kwa hasira ya mzazi, na msonyo ule ulitoka mzima kabisa, bila kasoro. Bi Mpangala aligeuka akaanza kufuta kabati la vioo ambalo halikuwa na vumbi.

Aliporudi aliuliza kwa upole kama wanataka akilishe kifaa cha tatu zile kumbukumbu. Wiki mbili, alisema, na mzee atakuwa na sauti yake tena.

Tusajigwe alimgeukia baba yake. "Wewe ndiye mwenye maneno. Tufanyeje?"

Mzee aliifikiria ile simu ya rangi ya udongo. Kisha akainua vidole vitatu.

"Miezi mitatu," Tusajigwe alimwambia Bi Mpangala. "Nitakaa naye mimi."

Haikuwa miezi myepesi. Kila jioni baada ya kazi waliketi mezani na simu-mwanafunzi katikati yao, na mara nyingi mwalimu ndiye aliyekosea. Siku moja alikiambia kifaa kwamba baba anataka sabuni, kumbe mzee alikuwa anasimulia habari za abiria mmoja aliyepanda treni na jogoo. Siku nyingine walikasirikiana, mzee akasusa kusema mpaka kesho yake, na kifaa kikaandika kwamba hakukuwa na somo. Mambo mengine yalikuwa mazito. Mzee alizungumza juu ya mkewe, jinsi alivyotaka kusema neno kaburini siku ya maziko na sauti ikamkatalia. Tusajigwe alimtaka alirudie neno hilo mara nyingi, hakuchoka, mpaka akalipata. Hakuifundisha mashine. Alilihifadhi mwenyewe.

Asubuhi ya mwisho wa mwezi wa tatu wa mafunzo alikuta simu-mwanafunzi imewaka mezani. "Mafunzo yamekamilika," ilisema. "Sasa ninaweza kumfasiri Ambakisye Mwaisumo. Hakuna neno nitakaloacha."

Alimvalisha baba yake mkanda mpya. Mzee alijiweka sawa kitini, akakohoa kama alivyokuwa akikohoa zamani kabla ya kuwatangazia abiria kuondoka, akasema alichotaka kusema.

Kifaa kilichukua sekunde mbili kukipima. Ndani ya sekunde hizo mbili Tusajigwe alikuwa ameshavuta kiti, ameketi badala ya kusimama, na ameshajibu:

"Bado, Baba. Nilikuwa nakungoja wewe."