Upande wa Pili wa Sinia

Tonge lilikuwa limemegwa upande wa pili.

Twalibu alilitazama lile shimo kwenye ugali, akaacha kutafuna. Yeye alikaa upande wa mlangoni, na huko ndiko alikokuwa akila. Upande wa ukutani hakuna mtu aliyeugusa, maana chumbani hakuwamo mtu. Hata hivyo ugali ulikuwa umemegwa kwa vidole vitatu, na alama za vidole hivyo zilikuwa ndefu kupita za vidole vyake. Akajisemea panya. Lakini moyoni alijua kwamba panya hana vidole vya kumegea.

Ulikuwa mwaka wa sabini na sita, na huo ulikuwa mwezi wake wa pili Misugusugu. Alikuwa ametoka Kurui, kule Kisarawe, akiwa amefunga ndoa na Mboni binti Matano wiki mbili tu, ndipo barua ya kazi ikaja: aripoti karakana ya mbao ya serikali, huko Misugusugu, Kibaha, atapewa chumba. Akamwacha Mboni kwao, kwa mama yake, akaahidi kumwita mpunga ukishavunwa. Chumba alikipata, cha matofali na bati, cha mwisho kwenye safu, kinachopakana na pori. Alichokikosa ni watu.

Kurui mtu hali peke yake. Chakula cha mchana hutolewa barazani, sinia moja kwa wanaume wote wa nyumba, na apitaye njiani huitwa, awe ndugu, awe mchuuzi wa samaki, hata yule mliyegombana naye jana. Kula peke yako ni aibu, huitwa uchoyo hata kama huna wa kumwita. Sasa hapa mjini, kengele ya saa sita ikipigwa, kila mtu alikimbilia chumbani kwake akafunga mlango. Twalibu alipika ugali wake wa muhogo na dagaa, akanawa mikono, akakaa mkekani mbele ya lile sinia la bati alilopewa na mama yake, sinia la watu watano. Na siku ya kwanza tu, kabla ya kumega, mdomo wake ukasema wenyewe kwa mazoea:

"Karibuni chakula."

Akacheka peke yake. Kesho yake akasema tena, bila kucheka. Ikawa ndiyo desturi yake.

Na tuseme kweli yote, maana kweli nusu haimfai mtu: neno karibu hakulisahau, bali bismillahi aliisahau. Swala nayo aliiacha, kwanza ya alfajiri, halafu zote. Kurui alikuwa hakosi msikitini, lakini alikuwa akiswali kwa sababu bega la baba yake lilikuwa pembeni ya bega lake. Huku hakuwapo wa kumwona. Mola aonaye siku zote, Twalibu alimsahau.

Baada ya lile tonge, mambo yakaenda polepole. Mkeka ukawa unabonyea upande wa ukutani, kama ubonyeavyo anapokaa mtu mzito. Maji ya kunawia, aliyoyachota safi, yakawa na tope. Chumba kikaanza kunuka udongo uliofukuliwa, ule unyevu wa shimo refu, na harufu hiyo ilikuja saa sita na kuondoka saa saba, kama mfanyakazi mwaminifu.

"Mtani, unakonda," alisema Gregori, Mluguru wa Matombo, aliyekuwa akisukuma naye magogo kwenye msumeno. "Nyie Wazaramo si ndiyo mnasifiwa kwa kula? Au mshahara wote unamtumia mama mkwe?"

"Nakula, Gregori. Sishibi."

"Basi leo nakuja kula kwako nione ugali gani huo usioshibisha. Nisipozimia, nitakuombea kwa padri."

Twalibu alifurahi mpaka akapika kibaba cha ziada. Walikaa, Gregori akajitupa upande wa ukutani kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Akafanya ishara ya msalaba upesi, akanyoosha mkono.

Akaurudisha.

"Acha mzaha, mtani," alisema.

"Mzaha gani?"

"Umenishika mkono."

"Mikono yangu hii hapa yote miwili."

Gregori aliitazama mikono ya Twalibu, akautazama wake. Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na alama za tope, vidole vitatu na kidole gumba. Alisimama taratibu kama mtu aliyeona nyoka, akarudi nyuma mpaka mlangoni, na viatu akavibeba mkononi.

"Mimi nimeshiba," alisema kwa sauti ndogo. "Usiniite tena, Twalibu. Nakuomba. Na wewe usile humo."

Siku iliyofuata Twalibu alijiambia hataki tena. Alipika, kwa sababu njaa ilikuwepo, lakini hakumkaribisha mtu, akakaa mikono mapajani. Bati la chumba lile lilikuwa na tundu la msumari, na saa sita jua likiwa utosini mwale mmoja mwembamba hupita humo ukaangukia katikati ya sinia, kama uzi wa dhahabu. Na Twalibu, akiutazama mwale ule bila kupepesa, akasikia kwanza kimya, kunguru wamenyamaza, msumeno umenyamaza, kisha akasikia mkeka ukilalama upande wa ukutani, kisha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetoka mbali na jua, kisha ule mwale ukakatika, ukaunganika, ukakatika tena, na kila ulipokatika palionekana katika mwanga, kwa muda wa kope kufumba, kipande cha mkono wa kushoto, cheusi kwa udongo, kinakwenda kwenye ugali na kurudi, kinakwenda na kurudi, bila pupa, kama mkono wa mtu aliye nyumbani kwake, hata ugali ukabaki nusu, na ule mkono ukatulia juu ya ukingo wa sinia.

"Mwenyeji," sauti ikauliza kwa upole, "mbona huli?"

Akala. Mungu amsamehe, alikula, machozi yakidondokea kwenye dagaa.

Jumamosi ile ilikuja barua kutoka Kurui, imeandikwa na kaka yake Mboni. Mpunga umeingia ghalani. Mboni atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa lori la Mzenga mpaka Mlandizi, na Twalibu ampokee Mlandizi asubuhi. Twalibu aliisoma mara tatu. Usiku hakulala. Jumapili alfajiri alidandia lori la mkaa, akaenda Kisarawe.

Alimkuta Bibi Mwanahalima uani anamenya muhogo. Alikuwa kikongwe mwenye tasbihi shingoni na kisu mkononi, na watu wa Kurui walimwendea kwa homa, kwa wizi, na kwa mambo yasiyosemwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa. Mbona umekuwa mfupa mtupu?"

Akamweleza. Bibi hakuacha kumenya mpaka mwisho.

"Anakula kwa mkono gani?"

"Wa kushoto, bibi."

"Na wewe bismillahi unasema?"

Twalibu akainama. "Niliiacha."

"Swala?"

"Nayo."

"Haya. Umesema mwenyewe, ni nafuu." Akatupa muhogo katika maji. "Pale mlipojengewa palikuwa na watu zamani?"

"Palikuwa na kitongoji. Walihamishwa mwaka wa operesheni, wakapelekwa kijijini. Kuna mashina ya minazi yao mpaka leo."

"Malori yalikuja, watu wakapandishwa, kuku wakapandishwa, vitanda vikapandishwa. Na mzimu wao, nani alimpandisha?" Bibi alitikisa kichwa. "Wale walikuwa wakimmegea tonge wanamtupia nje, ada ya wazee wao. Walipoondoka akabaki na njaa. Miaka miwili anaranda. Ukaja wewe, mtoto wa Kurui, ukasahau jina la Mola wako, ukakaa unaukaribisha ukuta."

"Namtoaje, bibi? Mke wangu anakuja."

"Hilo ndilo ninaloogopa mimi. Leo anakula upande wa pili wa sinia. Mkeo akija akamkaribisha kwa kinywa chake, akala naye, basi huyo si mgeni tena. Ndiye mwenye nyumba, na wewe utakuwa mgeni, na huyo binti atakuwa wa mwenye nyumba. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Huyu hakuvamia, aliitwa. Aliyeitwa hatolewi kwa fimbo, hutolewa kwa ada. Wazee wanasemaje juu ya mgeni?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Mpe jembe."

Akampa maagizo, akamwamuru ayarudie kama mtoto wa chuoni. Atawadhe, aswali, siku mbili apike vizuri na kuweka tonge nje ya mlango, wala asile naye. Siku ya tatu, saa sita, aegemeze jembe jipya ukutani kwa nje, aseme bismillahi kwa sauti, kisha amwambie: mgeni, siku zako zimekwisha, jembe lako hili, shamba lako liko ng'ambo ya mto Ruvu, nenda ukalime ule chako. Macho ayaweke chini.

"Na la mwisho, Twalibu, ndilo zito." Bibi alimshika sikio kama zamani. "Asipotoka upesi, nyamaza. Akisimama, nyamaza. Lile neno tunalomwambia kila mgeni anapoondoka, usilitamke."

"Sitalitamka, bibi."

Alifanya yote. Siku ya tatu alisimama mlangoni, maji ya udhu yakimkaukia usoni, akasema maneno yake. Harufu ya udongo ikapita pembeni yake kama mtu apitaye mlango mwembamba. Akasikia mpini wa jembe ukikwaruza ukuta. Macho yakiwa chini, aliona kivuli cha jembe kinavuka uwanja, kifupi, cha jua la utosi, na kivuli cha mbebaji hakikuwapo. Kilikwenda mpaka kwenye mashina ya minazi, mwisho wa uwanja.

Hapo kikasimama.

Tangu alipojua kusema, Twalibu hakuwahi kumwacha mgeni aondoke bila neno. Alipigwa kofi na baba yake kwa hilo akiwa na miaka sita. Lakini tusimtupie baba yake lawama. Mle kifuani mlikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Alikifikiria chumba nyuma yake, sinia la watu watano, kengele ya saa sita na milango yote inayofungwa. Aliona yule aliyesimama pale hana kwao, kama yeye. Miezi hii yote hakuna mwingine aliyemuuliza mbona huli.

"Karibu tena," alisema. Kwa sauti ndogo mno.

Kivuli cha jembe kikaingia porini.

Kwa bibi aliandika barua fupi: Nimefanya kama ulivyoniagiza. Wino wa uongo ule ulikauka kama wino mwingine wowote.

Na kweli palitulia. Maji yalibaki safi. Mkeka haukubonyea. Twalibu alirudi msikitini, akanenepa, hata Gregori akaanza tena kumtania, ingawa ndani hakuingia. Mwisho wa mwezi ulipokaribia alipaka chumba chokaa, akanunua khanga mbili na taa ya kandili. Lile neno alilolisema alilizika. Alijiambia Mungu ni msamehevu, na kweli ni msamehevu, lakini yeye hakuwa ameomba msamaha. Alikuwa amenyamaza tu.

Ijumaa, siku moja kabla ya Mboni kufika, kengele ya saa sita ilipolia alirudi nyumbani upesi awahi kuoga kwa swala. Akakuta mlango wazi. Moshi wa kuni ulikuwa unatoka, na harufu ya kisamvu cha nazi.

"Mboni?"

Mboni alitokea amejifunga khanga kiunoni, uso unameremeta jasho na furaha. Akapiga goti. "Shikamoo, mume wangu. Lori limetoka mapema, siku nzima kabla! Nikasema nikungoje Mlandizi nilale wapi? Nikapanda basi."

"Chumba umekijuaje?"

"Nimeletwa." Alicheka. "Mji gani huu, watu wana ukarimu hivi? Nimeshuka pale barabarani na mizigo yangu, nikamkuta baba mmoja kakaa kivulini. Kaniuliza, wewe mke wa Twalibu? Nikamwambia ndiye mimi. Kanibebea mizigo yote, na jembe lake begani, mpaka hapa. Mzee mpole! Ila kachoka, anaonekana katoka mbali kulima."

Twalibu alitazama ndani, juu ya bega lake.

Nyuma ya Mboni sinia lilikuwa tayari mkekani, ugali unafuka moshi, na pembeni vibakuli vitatu vya kunawia. Mwale wa jua ulikuwa umeangukia katikati.

"Mboni," alinong'ona, "umemwambia nini?"

"Nimwambie nini tena? Nimemkaribisha chakula. Kakubali, kasema anazunguka nyuma kuweka jembe." Furaha ilianza kumtoka usoni. "Nimekosea? Kasema mwenyeji wake mwenyewe ndiye aliyemwambia arudi."

Huko nyuma ya nyumba jembe liliegemezwa ukutani, taratibu. Harufu ya udongo uliofukuliwa ikaingia ndani. Twalibu akaitafuta bismillahi, akaitafuta kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, na kabla hajaipata, mwanga ukakatika mlangoni.

"Karibu, baba," alisema Mboni, binti aliyelelewa vizuri, akasogea mkekani kumpisha upande wa ukutani.