Nobo Sita za Kibokoni

Ijumaa, saa 5:20 asubuhi.

Chumba kilikuwa nyuma ya hoteli moja pale Mwembe Tayari, baina ya magunia ya viazi na jiko la chapati. Mlango mmoja. Ogutu aliukalia.

"Nyumba iko Kibokoni," alisema, akichora ramani mezani kwa kidole chenye mafuta. "Mwenyewe, mzee Athmani, ameshakufa. Maisha yake yote alikusanya sarafu za dhahabu za Kiingereza. Zinaitwa nobo. Za mfalme Edwadi wa Tatu, karibu miaka mia saba. Ziko sita. Amebaki mjane, Bi Nabiha, na kila Ijumaa adhuhuri huenda kwa bintiye Makadara. Nimemchunga Ijumaa tatu. Wanaume wako msikitini, mtaa mtupu. Saa nane mnunuzi wetu, Ronald, anatungoja Mbaraki. Na amesema tusizipanguse. Ukiipangusa sarafu ya zamani, umeiua."

"Nani anafungua?" aliuliza Kahindi, ingawa walikuwa wawili tu, na Ogutu hakuweza kufungua hata soda bila meno.

Kahindi alikuwa bingwa wa kufuli. Alikuwa pia na kifungo cha nje. Kosa moja jingine, miaka minane Shimo la Tewa. Naye Sidi, mkewe, alikwishamwambia: ukirudi jela, usinitafute.

"Mimi sitaki, Ogutu."

"Hutaki." Ogutu alitabasamu kama padri anayepokea sadaka. "Basi jioni nikapige gumzo na polisi kuhusu lile ghala tulilovunja. Ama?"

Kahindi akachukua mkoba wa vyuma vyake.

Saa 6:40 mchana.

Hutuba ilisikika toka kwenye vipaza sauti. Kufuli ilidumu sekunde kumi na moja.

Sebule ilikuwa imetandikwa mikeka mipya, ukuta hadi ukuta. Ubani ulifuka. Pembeni palikuwa na sanduku la vitabu vyembamba. Na kutoka uani ilikuja harufu ya pilau. Si pilau ya mtu mmoja.

"Ogutu, kuna watu uani."

"Wapishi wa jirani. Wewe unaogopa pilau?"

"Na mikeka?"

"Siku ya usafi. Panda!"

Basi mashujaa hao, mmoja aliyelelewa katika nyumba za reli, mwingine katika kwaya ya kanisa Kaloleni, waliikanyaga mikeka kwa viatu, wakapanda juu.

Saa 6:55.

Droo ilikuwa na kitambaa cha mahameli. Nobo sita, nyembamba kama magamba ya samaki. Kwenye kila moja, mfalme amesimama ndani ya chombo, upanga mkononi.

"Mfalme ni mkubwa kuliko chombo chake," Ogutu alisema. "Kitazama hiki." Akaisugua moja kwenye suruali.

"Usipanguse!"

"Nimeigusa tu."

Saa 7:15.

Viatu. Kahindi alichungulia kwenye nondo za dirisha, akaona viatu vikirundikana mlangoni, jozi kwa jozi. Salamu zikajaa sebuleni. Kisha sauti ya mzee:

"Mwaka umetimia tangu Athmani atutoke. Gaweni juzuu, tusome."

Hitima ya marehemu. Ijumaa ya nne haikufanana na zile tatu. Ngazi ilikuwa moja tu, na iliishia katikati ya mikeka.

Ndani ya kabati mlikuwa na kanzu moja na kofia moja. Wakatazamana. Ogutu alikuwa na mikono mirefu zaidi.

"Nitakurudia na kanzu nyingine," alisema, akiingiza kichwa.

"Acha sarafu basi."

"Uzipanguse?"

Akashuka.

"Karibu, karibu!" walisema chini, wakambana baina ya wazee wawili wanene. Kahindi alichungulia toka juu ya ngazi. Kisha pazia la uani likatikisika, na sauti ya mwanamke ikakata kisomo.

"Tarizi ya kifua hicho nimeitia mimi, kwa mkono wangu. U nani wewe uliyevaa kanzu ya mume wangu?"

"Mimi... rafiki wa marehemu."

"Rafiki wa wapi?"

Alipoinuka kukimbia, dhahabu ililia mfukoni. Mikono thelathini ilimdaka.

"Mwizi yuko juu!" alipiga ukelele. "Mimi dereva tu!"

Walikuwa wamekuja kwa miguu.

Saa 7:31.

Kahindi alirudi chumbani, akaingiza chuma kwenye kitasa cha mlango, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafunga. Kandambili zilipanda ngazi polepole.

"Mwanangu, wanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Vyema."

Komeo la nje likateleza, taratibu, hadi mwisho.

Kahindi alivitandaza vyuma vyake vyote sakafuni. Komeo halina tundu la ufunguo.

Simu ikatetemeka. Sidi alikuwa ameandika: *Utarudi saa ngapi?*