Kochi la Mtalaka

Kochi lilikuwa limebonyea katikati, na hakuna aliyelikalia.

Fundi makochi alilipiga kofi. Sponji ikainuka polepole, kama mtu anayejivuta kuondoka. Akajilaumu. Alipooa upya hakulivua. Alilivika kitambaa kipya juu ya kile cha zamani, kazi ya kulipua ambayo wateja wake hawaijui, ili mke mpya asione alipokuwa akikaa mtalaka.

Kisha ikaja harufu ya gundi inayoungua, mchana kweupe, jiko limezimwa. Kisha minong'ono. Mwanawe wa kiume, aliyefukuzwa shule kwa kupigana tangu arusi ile, alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi.

"Unaongea na nani?" mama wa kambo akauliza.

"Na anayenijibu. Wewe una mume, kaongee naye."

Mganga aliyeitwa alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alimkalisha kijana kwenye kochi, akamshika kichwa, akasoma. Sauti iliyomtoka kijana haikuwa yake.

"Sikuvamia. Nilikaribishwa. Siku baba yake alipomwambia, 'Mama yako amekukataa, hata kukuulizia hakuulizii,' alilia hapa, akaomba yeyote aje akae naye. Nikaja."

"Utatoka kwa kupewa kitu gani?"

"Kwa ukweli. Baba aseme kama mama alimkataa. Mtoto anasikia."

Jasho lilimshuka fundi mgongoni, kwa sababu mama alikuwa amekuja karakana, tena si mara moja, akasimama mlangoni kati ya mbao na marobota ya sponji akiomba amwone mwanawe japo kidogo, naye akamfukuza kama mwizi, na huyu mke mpya, aliyekubali kuolewa kwa kuambiwa kwamba mtalaka ni mwanamke aliyeitupa damu yake, alikuwa amesimama pale pale, mkono mdomoni, akingoja.

"Mume wangu," akanong'ona, "si useme tu."

"Alimkataa," fundi akasema.

Kochi likalia kwa ndani, mbao zikapasuka. Harufu ikakatika. Kijana akafumbua macho, akasimama, akamgeukia mama wa kambo kwa adabu ambayo hakuwahi kumwonyesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" Machozi yakamtoka. "Ametoka! Jamani, ametoka!"

Mganga hakufurahi. Alimshika kijana kifundo cha mkono, akakiachia upesi, akaanza kukusanya vitu vyake bila kudai chochote.

"Mbona unaondoka?" fundi akamuuliza kwa sauti ya chini. "Si amepona?"

Mganga alikuwa ameshafika mlangoni. Aliyejibu ni kijana, kwa upole, akimtengenezea fundi kola ya shati.

"Ametoka kweli. Mwanao alikaa akisubiri useme neno moja tu, ukamsaliti tena, mbele ya watu. Akaona hana wa kumbakia. Nimemfungulia mlango, akaenda."

Akatabasamu.

"Mimi nipo, baba. Leo tunakula nini?"