Mafiga ya Shimo la Nzilo

"Nani alibaruhusu kuingiza chuma mule, na siye banatukataza ata kuokota kuni?"

Adolphine aliuliza hivyo mbele ya kambi nzima ya wafanyakazi wa migodi ya Musonoi, mwaka 1957, wazungu walipofungua hifadhi ya serikali karibu na Nzilo ili watoboe ardhi, wapime kama ina mafuta na gesi. Ardhi ya umma, walisema. Umma gani, hawakusema. Mumewe Tharcisse, mfanyakazi wa mashine ile ya kutobolea, alitazama viatu vyake.

Mashine ilitoa mawe ya mviringo kama vipande vya mchi. Yakishapimwa yalitupwa. Tharcisse, mtu wa Kasai, hakujua kwamba Wasanga, wenyeji wa pale, hawatoi kitu ardhini bila kuimwagia mizimu unga mweupe. Akaleta matatu nyumbani, yawe mafiga.

Ugali wa kwanza ukanuka mafuta ya taa, Tharcisse akamgeukia mkewe.

"Umemwanga petroli mu bukari?"

"Ya wapi? Taa iko kavu!"

"Basi tuite enjenia. Mafuta yamepatikana mu nyungu."

Walicheka. Kesho yake mchana, moto ukiwa umezimwa, mawe yalikuwa yakipumua. Binti yao mdogo, Elise, alichuchumaa akiyasikiliza, kisha akaanza kupumua pamoja nayo, polepole, akakataa uji, akakataa maji, na kila alipofungua kinywa ile harufu ilitoka, na nyuma ya harufu sauti nzito ya mzee, ikisema Kisanga, lugha ambayo mtoto yule hakuwahi kufundishwa na mtu.

Mama Mbayo, mganga Msanga, aligoma kuvuka kizingiti. "Muzee wa mu mawe anasema arudishwe mule shimoni," alinong'ona. "Mufanye mbio. Anaanza kuzoea mwili wa mutoto."

Wakayabeba mawe mpaka kizuizi cha hifadhi, Elise mgongoni mwa mama yake.

"Ruhusa?" mlinzi aliuliza.

"Tata, baba, mutoto anakufa."

"Pori ni ya serikali, mama. Banaingia benye mashine tu."

"Huyu bwana yangu ni wa mashine!"

"Mashine ilienda leo asubui, yeye hakukuja. Balikosa mafuta, shimo balifunga na simenti."

Walikosa! Wakaziba, wakaondoka zao, na kizuizi kikabaki kwa ajili ya Adolphine.

Mgongoni, Elise akafungua kinywa. Mlinzi, Msanga naye, aliisikia sauti, akaielewa, akarudi nyuma hatua moja.

Adolphine akayaweka mawe miguuni pa mlinzi.

"Tata, weye banakuacha kupita. Utubebee mpaka ku shimo, uvunje ile simenti."