Doa Karibu na Kwapa

Picha tano za kwanza asubuhi ile zilitoka na doa moja jeupe, mahali palepale, karibu na kwapa. Wanawake watano, doa moja. Dada wa mashine, anayepiga picha za matiti, alifuta bamba mara tatu, na kila alipoliinamia alisikia harufu ya karafuu maiti, ile wanayopakwa wafu.

Daktari wa kusoma picha alipewa na wauguzi jina la Bwana Salama, kwa kuwa ndilo neno pekee alilojua kuandika. Hakuinua hata kope. "Uchafu wa bamba," alisema, akaandika salama mara tano. Alizoea kumaliza picha thelathini chai yake ikiwa bado moto, na kujiona hodari.

Wa sita alikuwa mdogo wake dada wa mashine. Alikuwa amegusa uvimbe titini mwenyewe, akioga. Picha yake ilikuwa na madoa mawili.

"Uchafu umezaa," alisema Bwana Salama, akacheka peke yake.

Doa la kwanza dada alilijua. Alifungua kabati la picha za zamani, akalikuta: la mwalimu mmoja, miaka miwili nyuma, umbo lilelile, ukingo uleule wenye miiba, na chini yake mwandiko wa daktari: uchafu wa bamba, salama. Mwalimu yule alizikwa mwaka jana.

"Daktari, huyu amerudi," alinong'ona, akimwekea picha ya mwalimu mezani. "Mpeleke mdogo wangu ultrasaundi. Nakuomba."

"Amerudi nani? Mashine inataka kitambaa, wewe unataka mganga."

Akaweka kiganja juu ya bamba amwonyeshe kufuta, na mashine iliyokuwa imezimwa ikanguruma, bamba la juu likashuka polepole, likambana mkono huku karafuu maiti ikijaa chumba na sauti ya kike, ya upole, ikisema karibu na masikio yao, "Usipumue," mpaka picha ikatokea kwenye skrini: mifupa ya mkono wake, na mifupa ya mkono mwingine, mwembamba, imeushika.

Bamba lilipomwachia aliomba kalamu mwenyewe. Aliandika: ultrasaundi, leo.

Uvimbe ulikutwa penye doa la pili, ungali mdogo, ukatolewa. Madoa ya uongo hayakuonekana tena. Ila tangu siku ile mkono wa Bwana Salama huandika wenyewe, kwa mwandiko wa mviringo wa ubaoni, na kwa mara ya kwanza majibu yake yanasomeka. Yeye huutazama tu. Na kila jioni, mafaili yakiisha, mkono huongeza mstari mmoja: Nilikuwa na miaka thelathini na minne.