Hodi ya Ukutani

Ukuta ulianza kupumua mchana kweupe, siku mbili baada ya mvua ya kwanza. Mke wa fundi matofali alikuwa anakunja nguo aliposikia pumzi ndefu, kimya, kisha kitu kama mtu anayemeza mate. Akadhani ni panya. Lakini panya hanuki tope.

Chumba chenyewe kilikuwa kipya. Fundi, ambaye matofali yake ya kuchoma yamejenga nusu ya mtaa, chake alikijenga kwa mabichi, mganga hajigangi. Udongo aliutoa kwenye shimo lake la kazi lililokauka kiangazi, shimo lile lile ambalo mvua za mwaka jana zililijaza, likamchukua binti yao wa miaka mitano. Walimwita Kasuku kwa sababu ya domo lake. Alikuwa akibisha hodi hata anapotoka: anagonga mlango kwa ndani, "Hodi!" na mama yake anajibu, "Karibu nje, mwenye nyumba!"

Fundi wa udongo huukanyaga kwa miguu, ili nyayo zisikie mawe na mizizi. Ule wa shimo ulimshinda kuukanyaga. Aliukoroga kwa jembe huku akilia, akajaza kalibu, akayaanika matofali bila kujua ameweka nini ndani.

Siku ya tatu ukuta ukasema, "Mama, hodi," kwa sauti ndogo yenye maji kooni, na mama, aliyekuwa na mwaka mzima hajaitwa mama na mtu yeyote, akaangusha nguo, akaweka shavu kwenye tofali lililotoa sauti, akajibu kabla hajajua anajibu nini:

"Karibu, mwanangu."

Tangu hapo hakula. Kutwa alishika kata, akililowesha tofali lile, maana lilimwomba maji.

"Sisikii kitu," fundi alimwambia. Alikuwa anadanganya. Alisikia tangu siku ya kwanza, ndiyo maana alikuwa akila nje.

Mke alipofikia kushindwa kusimama, fundi akaleta mganga, mwanamke mwenye mafua, anayepenga kamasi kila baada ya maneno mawili.

"Nani alimwitikia?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Mimi."

"Ukome. Anayemwitikia ndiye mwenyeji wake, na mwenyeji huyo hukauka mpaka aishe. Fundi, bomoa."

Tofali lilipasuka. Ndani, kwenye ganda jembamba la ute mkavu, kitu kirefu kilijikunja, mdomo umeelekea kwenye kitundu, kikivuta hewa. Fundi akacheka mpaka akakohoa.

"Kamongo! Mke wangu, ni kamongo tu! Hulala topeni kiangazi chote, akingoja mvua!"

"Kamongo hasemi mama," mkewe alijibu.

Mganga akapenga kamasi. "Samaki ni chumba, mpangaji ni mwingine. Sauti kaiazima. Si mtoto wenu, ni wa majini. Mrudishe majini."

"Majini kwenye maji, au majini wenyewe?" fundi aliuliza.

"Kwenye shimo lile hakuna tofauti. Mtupe, geuka, na usikie usikialo, usiitikie."

Fundi akamtia kamongo kwenye ndoo. Mkewe akamshika mkono. "Muulize kama anasikia baridi."

Shimo lilikuwa limejaa tena. Akamwaga ndoo, maji yakafunga, akageuka, akahesabu hatua, moja, mbili, tatu, na nyuma yake harufu ya tope ikamfuata, na sauti ikasema, "Baba, hodi," naye akaendelea, nne, tano, akikumbuka lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba siku ile Kasuku alibisha hodi nyuma yake, mara mbili, pale pale shimoni, na yeye, mikono imejaa udongo, moto wa tanuri ukimngoja, alisikia kabisa na hakuitikia, akasema moyoni atanyamaza mwenyewe, na akanyamaza kweli.

"Baba, hodi," sauti ilirudia.

Fundi akasimama.

"Karibu, mama," alisema. "Karibu. Nisamehe."

Alimkuta mkewe ameketi, anakula kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, mganga akimsogezea sahani.

"Hukuitikia?" mganga aliuliza.

"Sikuitikia."

"Njoo ule basi," mkewe alimwambia.

"Nimeshiba."

Akachota kata ya maji, akaingia chumba kipya, akaanza kulowesha ukuta.